Michango ya skuli tangu enzi za bibi zetu: yale tuliyojifunza

 

Leo hatuleti mshono mpya wala pishi la futari. Tunataka kuzungumza habari ya mchango wa skuli, jambo ambalo kila mama wa visiwani amewahi kulifungulia kibindo. Sababu ya kulizungumza ni hii. Hivi karibuni kulikuwa na kikao cha wazee katika skuli ya msingi ya kijijini kwetu, hapa Pemba. Mwalimu mkuu alieleza kuwa wasichana wa madarasa ya juu wanakosa kuja skuli siku kadhaa kila mwezi, kwa sababu vyoo havina maji wala hakuna chumba cha faragha cha kujisitiri. Akaomba msaada wa wazee. Hapo kikao kikagawika. Wako waliosema, “Michango imefutwa, isitajwe tena hapa.” Wako waliosema, “Kila mtoto alete shilingi 5,000, asiyeleta abaki kwao.” Wakatupiana maneno mpaka adhana ya alasiri, na kikao kikaakhirishwa bila ya uamuzi.

Sisi ni mafundi cherehani watatu, tuna kiduka chetu karibu na skuli hiyo hiyo. Wote watatu tumesoma pale, na sare za watoto wa pale ndizo zinazotuwekea chakula mezani. Tulipotoka kikaoni tukaulizana: hivi skuli hii ilijengwaje hasa? Nani alitoa nini, na ilikuwaje mpaka neno “mchango” likawa linatia watu uchungu? Tukaanza kuwauliza bibi zetu, mama zetu na walimu wastaafu, na tukachanganya na yale tunayoyajua ya historia ya nchi yetu. Haya ndiyo tuliyoyapata.

KABLA YA SKULI KULIKUWA NA CHUO

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu desturi ya kuchangia elimu haikuanza na serikali. Ilianza chuoni, tunakosomea Kurani. Bibi mmoja tuliyekaa naye, ambaye ameshapindukia miaka 80, alitwambia kuwa siku ya Alhamisi kila mtoto alikwenda chuoni na senti yake. Asiyekuwa na senti alichukua muhogo, nazi, au mzigo mdogo wa kuni. Mtoto akihitimu, wazee wake walipika sinia, wakafukiza ubani, na mwalimu akapewa kanzu au kitambaa cha kanzu pamoja na kitu mkononi.

Tulimuuliza, “Na aliyekuwa hana kabisa?” Akacheka. Akasema mtoto wa maskini alisaidia kuteka maji nyumbani kwa mwalimu au kulima kidogo kondeni kwake, na hakuna aliyemrudisha kwao. Mwalimu alijua hali ya kila nyumba kwa kuwa alikuwa jirani. Ada ilikuwepo, lakini ilikuwa na mlango wa nyuma kwa asiyeweza.

Tunaomba mlikumbuke hilo, kwani tutalirudia.

SKULI ZA MKOLONI NA WATOTO WA KIKE

Skuli za serikali zilianza Unguja mjini mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Waingereza, na pole pole zikafika mashamba na huku Pemba. Wazee wetu wengi hawakuzipokea kwa moyo mkunjufu. Waliona mtoto anachukuliwa chuoni, anapelekwa mahali ambapo Kurani haisomeshwi. Baadaye walimu wa Kurani walipoingizwa katika skuli za serikali ndipo watu wakaanza kuwapeleka watoto kwa wingi zaidi.

Kwa watoto wa kike ilichelewa zaidi. Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mjini mwaka 1927. Pamoja na kusoma na kuandika, wasichana walifundishwa mambo ya nyumbani, na kushona kukiwemo. Sisi mafundi tunapolisikia hilo tunatabasamu, kwa sababu kumbe sindano na skuli zimejuana siku nyingi. Lakini kwa bibi zetu wa kijijini, skuli ya mjini ilikuwa mbali kama Makka. Wengi wao hawakuiona. Bibi wa mmoja wetu hajui kusoma herufi za Kizungu mpaka leo, ingawa Msahafu anausoma vizuri, mashaallah.

Tunalisema hili ili tuelewe kwa nini wanawake wa rika lile, ambao skuli iliwapita, ndio waliokuja kubeba mawe.

ELIMU BURE NA MAWE YA KICHWANI

Mapinduzi yalitokea tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 23 Septemba mwaka huo huo, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Zanzibar. Mpaka leo tarehe hiyo inaadhimishwa kila mwaka, na wengi wetu tumewahi kuandamana siku hiyo na sare zilizopigwa pasi, jua la utosi.

Elimu ilikuwa bure, lakini madarasa yalikuwa wapi? Watoto waliingia kwa wingi kuliko nafasi. Hapo ndipo vijiji vilipoamka. Bibi zetu wanasimulia kuwa siku za kujitolea zilipangwa, na kila mtaa ulikuwa na siku yake. Wanaume walichimba msingi, wakachoma chokaa na kupandisha kuta. Wanawake walibeba mawe na mchanga kutoka pwani kwa mapakacha na madebe, kata kichwani, mtoto mgongoni. Waliosalia nyumbani walipika muhogo wa nazi na dagaa kwa wanaojenga.

Bibi mmoja alituonesha kwa kidole ukuta wa darasa ambalo sasa ni stoo ya skuli. “Kona ile,” alisema, “mawe yake nimeyapita mimi na mawifi zangu.” Hakuna karatasi iliyoandikwa jina lake. Hakulipwa hata senti. Lakini tangu siku ile kila akipita pale anaiangalia ile kona kama mtu anavyomwangalia mwanawe.

Tuliuliza tena swali letu: na asiyeweza kubeba? Wakatwambia mjamzito alitoa maji ya kunywa, mzee alisuka pakacha, na mgonjwa alisamehewa. Hakukuwa na orodha. Kila mtu aliona nani kafika na nani hakufika, na aliyekosa alitumiwa mtu kwenda kumuuliza kama yu mzima.

KARAFUU ILIPOKUWA MKOBA WA KIJIJI

Huwezi kusimulia Pemba ukaacha karafuu. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka kisiwani kwetu, na msimu ukija kila kitu hufuata karafuu. Skuli zilikuwa zikifungwa ili watoto nao wapate kuchuma. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na watoto na wanawake huokota zinazoanguka chini ya mikarafuu, kisha hukaa jioni kuchambua vikonyo.

Mama zetu wanakumbuka kuwa mahitaji ya skuli yalingojea msimu. Chaki, ufagio wa bati, kufuli ya mlango, ukarabati wa paa: yote yaliambiwa, “Subirini karafuu.” Mwenye shamba alitoa pishi kadhaa, mchumaji alitoa ya siku moja, na fedha zikaenda kwenye kamati. Ulikuwa mpango mzuri kwa sababu mtu alitoa wakati ana kitu mkononi. Hakuulizwa mwezi wa njaa.

Tatizo ni kwamba karafuu haina ahadi. Kuna mwaka mikarafuu inazaa mpaka matawi yanainama, na kuna mwaka haizai kitu. Na juu ya hilo, bei. Wakulima waliuza kwa shirika la serikali, ZSTC, kwa bei iliyopangwa, na ilipofika miaka ya 1980 soko la dunia likaanguka, kwa kuwa Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilianza kujitosheleza kwa karafuu zake yenyewe. Mkoba wa kijiji ukatoboka. Watoto walizidi kuzaliwa, na kuta za mawe ya bibi zetu zikaanza kupasuka.

MIAKA YA TISINI: LENTA NA ORODHA

Sasa tunafika kwenye zama zetu sisi. Mwaka 1991 Zanzibar ilitoa sera ya elimu iliyoitaka jamii ishirikiane na serikali katika kugharamia elimu. Utaratibu uliozoeleka vijijini ukawa huu: wananchi wanaanzisha jengo, wanapandisha kuta mpaka kwenye lenta, kisha wizara pamoja na wafadhili wanamalizia kwa kuezeka, milango na madirisha.

Ulikuwa utaratibu wenye akili, na madarasa mengi tunayoyaona leo yamejengwa hivyo. Lakini baada ya uchaguzi wa 1995 wafadhili walisitisha misaada kwa Zanzibar, na majengo mengi yalikwama. Kijijini kwetu vyumba viwili vilisimama kwenye lenta miaka na miaka. Mvua ikanyesha ndani, majani yakaota, mbuzi wakalala humo. Mama zetu walikuwa wakipita wakasema, “Pesa yangu ile imeota majani.”

Huku nyuma tukasoma mikondo miwili, wengine asubuhi wengine jioni, wengi wetu tukikaa chini sakafuni. Na mchango ukabadilika sura. Zamani ulitoka kwa mtu mzima kwenda kwa kamati. Sasa ukapitia kwa mtoto. Kila mtoto alitakiwa alete fedha yake, kama shilingi 500 kwa mwaka kwa kumbukumbu zetu, na palikuwa na nyengine za mitihani, za mlinzi, za chaki. Leo tunaziona ndogo. Wakati ule kuna nyumba zilizokuwa hazina hata ya mafuta ya taa.

Hapa tunataka kusema ukweli wetu, na si rahisi kuusema. Mmoja wetu alikuwa monita. Asubuhi ya kila Jumatatu mwalimu alimpa daftari asome majina ya wasiolipa. Waliotajwa walisimama mbele, kisha wakaambiwa warudi kwao wakachukue mchango. Wengine walirudi baada ya siku mbili. Wengine walikaa vichakani mpaka saa ya kutoka, wakaenda nyumbani kama waliokuwa skuli.

Kuna msichana mmoja darasani kwetu aliyesomwa jina Jumatatu tatu mfululizo. Ya nne hakuja tena. Alikuwa hodari wa hesabu kuliko sisi sote watatu. Sisi tulikuwa watoto, tulitumwa na hatukuwa na uwezo wa kukataa, lakini sauti iliyosoma jina lile ilikuwa ya mwenzetu, na mpaka leo anaisikia.

Msichana yule sasa ni mama. Ana binti pale pale skulini, na sare ya binti yake tunaishona sisi.

MAULIDI YA SKULI, MCHANGO ULIOBAKI NA FURAHA

Msidhani yote yalikuwa machungu. Palikuwa na mchango mmoja ambao kila mtoto aliungojea, nao ni wa maulidi ya skuli. Mfungo Sita ukiingia, madarasa yaligawiwa: hawa walete mchele, hawa sukari, hawa vitunguu na bizari, hawa kuni. Mama zetu walikwenda usiku na masufuria yao makubwa, wakachambua mchele kwa mwanga wa karabai huku wakitaniana. Asubuhi pilau ilinukia mpaka barabarani.

Mbona ule mchango haukuleta machozi? Tumelifikiria sana. Tunaona sababu ni kwamba vitu vilimwagwa pamoja kwenye sufuria moja. Aliyeleta kibaba cha mchele na aliyeleta gunia walikula sinia moja, na mtoto aliyekuja mikono mitupu alikula vile vile. Hakuna aliyeweza kuitazama punje ya wali akasema hii ya fulani.

2015: MICHANGO INAFUTWA

Katika mwaka wa fedha 2015/2016, wakati wa uongozi wa Rais Dk. Ali Mohamed Shein, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilifuta michango ya wazee katika skuli za msingi, na baadaye ikafuata kwa skuli za sekondari. Serikali ikachukua jukumu la gharama zile. Alhamdulillah, lile daftari la Jumatatu likafungwa. Sisi ambao tuna watoto tunajua thamani yake. Watoto wetu hawajui maana ya kurudishwa nyumbani kwa sababu ya fedha, na tunamuomba Mungu wasiijue. Miaka ya karibuni tumeona pia skuli za ghorofa zikijengwa Unguja na Pemba, jambo ambalo bibi zetu wa mapakacha hawakuliota.

Lakini kuna kitu kilichoondoka pamoja na michango, nacho ni mazoea ya kwenda skulini. Zamani mtu aliyetoa alikwenda kuangalia kilichofanyika. Sasa wazee wengi wanasema, “Hiyo kazi ya serikali,” na bomba la maji likikatika linakaa limekatika mpaka barua ijibiwe. Serikali ina wajibu wake, na ni haki yetu kuudai. Huku barua ikisubiri jibu, msichana wa miaka 12 yuko nyumbani siku nne kwa mwezi.

Na upande wetu sisi mafundi tunaona jambo jengine. Mchango umefutwa, lakini sare haijafutwa. Sketi ya buluu, shati, mtandio mweupe, viatu, mkoba: kwa mama mwenye watoto wanne, Januari inafika kama mdai. Wako wanaokuja dukani na kitambaa kisichotosha wakatuomba tufanye maarifa. Wako wanaomchelewesha mtoto wiki mbili nzima kwa sababu ya mtandio. Aibu ile ya daftari imehama tu, imekwenda kukaa kwenye nguo.

TULICHOANZA KUKIFANYA

Sisi si matajiri. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo tulianza na kile tunachokijua, cherehani.

Kwanza, kila sketi ya skuli tunayoshona tunaiachia pindo la inchi nne ndani, hata kwa mteja asiyeomba. Mtoto akirefuka, mama anakuja, tunateremsha pindo bure, na sketi inavaliwa mwaka mwengine. Kitambaa kinachozidi ni kidogo, lakini kwa mama yule ni sketi nzima ameokoa.

Pili, mabaki ya vitambaa vyeupe tunayaunga mitandio midogo ya darasa la kwanza. Ukiishona vizuri na ukaipiga pasi, mshono hauonekani.

Tatu, tunashona taulo za kike za kufua, kwa pamba laini ndani na kitambaa kisichopitisha maji chini, na tunampa mwalimu wa kike azihifadhi. Msichana anayehitaji anakwenda kwake kimya kimya. Tunawaeleza wazifue kwa sabuni na kuzianika juani mpaka zikauke kabisa, si uvunguni mwa kitanda, kwani unyevu huleta maradhi.

Nne, tuko katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi wenu mnavijua vikundi hivi. Vilianza kwetu Zanzibar upande wa Jozani, Unguja, kwa msaada wa shirika la CARE mwanzoni mwa miaka ya 2000, na sasa vimeenea visiwa vyote viwili. Kisanduku kina kufuli tatu na funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, fedha zinahesabiwa mbele ya wote, na pembeni ya hisa kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na shida. Tumekubaliana sehemu ya mfuko huo isaidie sare za Januari. Anayepewa anajulikana na watu wawili tu.

Hatusemi haya tusifiwe. Tunayasema kwa sababu kila mmoja wenu ana kitu kama hicho mkononi mwake. Mpishi ana sufuria, muuza duka ana sabuni, mwenye gari ana safari moja ya mchanga.

KIKAO CHA PILI

Tuliporudi kwenye kikao tulikwenda na mapendekezo yetu tukayaeleza kama tulivyofundishwa na bibi zetu.

La kwanza, mtoto asihusishwe kabisa. Asitumwe, asiulizwe, jina lake lisiandikwe popote. Anayetoa ni mtu mzima, kwa hiari yake, na uamuzi uliofuta michango ubaki kama ulivyo. Hatukutaka mlango ule ufunguliwe tena hata kwa jina jengine.

La pili, mtu atoe anachoweza: fedha, mawe, mchanga, siku ya kazi, chakula cha mafundi. Vyote viandikwe kwa jumla, visiandikwe kwa majina.

La tatu, hesabu isomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, pale pale chini ya mwembe, na karatasi ibandikwe mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mfuko wa saruji ukinunuliwa, watu wauone. Vile vyumba viwili vilivyoota majani vilitufundisha kuwa watu hawachoki kutoa, wanachoka kutojua.

La nne, barua kwa wizara ya kuomba maji iendelee kufuatiliwa, na wajumbe wawili, mmoja wao mwanamke, wakabidhiwe kazi hiyo. Kujitolea kwetu kusiwe sababu ya kuisahau haki yetu.

Palikuwa na mabishano, hatukatai. Mzee mmoja alisema bila ya majina watu hawatatoa. Hapo akasimama yule mama, yule wa Jumatatu ya nne. Hajawahi kuzungumza kikaoni. Alisema, “Mimi nitaleta mawe. Nitapika pia. Lakini jina la mwanangu lisije likasomwa.” Akakaa. Mwenzetu aliyekuwa monita alishindwa kuinua uso.

Kikao kikakubali. Tulipotoka, mwenzetu alimfuata nje akamuomba radhi kwa mambo ya zamani. Yule mama alimtazama kwa muda, kisha akamwambia, “Sote tulikuwa watoto.” Halafu akamuuliza sketi ya binti yake iko tayari lini.

Wiki iliyofuata mawe yalianza kumiminika. Tulipofika asubuhi tukakuta rundo pembeni ya vyoo vya zamani, na hakuna aliyejua limeletwa na nani. Bibi yetu wa kona ya stoo alikuja na mkongojo wake, akakaa kivulini, akasuka pakacha mbili. Msingi wa chumba umeshachimbwa. Bado saruji, bado bati, na maji bado hayajafika. Tutawaletea habari zake, inshaallah, pamoja na hesabu.

NENO LA MWISHO

Dada zetu, katika Suratul Baqara, aya ya 263 na 264, Mola wetu anatuonya kuwa sadaka inayofuatiwa na masimbulizi na maudhi hupotea malipo yake, na kwamba neno zuri ni bora kuliko sadaka ya namna hiyo. Tulikuwa tukiisoma aya hii tukiwaza matajiri wanaotangaza misaada yao. Sasa tunaisoma tukilikumbuka daftari la Jumatatu. Hata jambo la kheri kama skuli linaweza kukusanywa kwa njia inayomuumiza mtoto.

Basi ukienda kwenye kikao cha skuli yako, iwe Makunduchi, Nungwi, Wete, Mkoani au popote ulipo, usikae nyuma kimya. Uliza: asiyekuwa nacho tumemwekea mlango gani? Na hesabu itasomwa lini? Kama majibu hayapo, sema yatafutwe kabla ya kukusanya hata shilingi moja.

Na kama nyumbani kwako kuna sare iliyokuwa ndogo kwa mwanao lakini bado nzima, ifue, ipige pasi, uipeleke kwa mwalimu wa kike bila ya kutaja jina la anayepewa wala lako.

Mwenyezi Mungu awarehemu wale waliobeba mawe na hawapo tena, aijaalie iwe ni sadaka yao yenye kuendelea, na awafungulie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.